Kuuza chipukizi: Klabu za Kagera zisirudie makosa ya butura

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MKULIMA wa kahawa wa Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba, hahitaji kufundishwa maana ya butura. Ada ya shule imefika, mgonjwa yuko hospitali, au kuna msiba nyumbani. Mibuni ndiyo kwanza ina maua. Mwenye fedha anakuja, anahesabu mibuni kwa macho, anatoa noti na kuondoka. Miezi kadhaa baadaye kahawa inaiva, bei inapanda, na mwenye shamba anabaki kuvuna mali ya mtu mwingine. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, lakini shida ya fedha taslimu imeifanya iendelee kwa siri.

Biashara ya namna hiyo hiyo hufanyika katika mpira wa miguu, tena bila siri. Kijana wa miaka 18 au 19 anaonekana akifunga mabao mawili matatu katika Uwanja wa Kaitaba, klabu kubwa ya Dar es Salaam inatuma mtu, na viongozi wa klabu ndogo wanajikuta na swali ambalo kwa kweli ni la kibiashara kuliko la kimichezo: auzwe sasa, au asubiriwe aive?

Swali hili lina uzito wa pekee Bukoba. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichoko Missenyi inayotumia Kaitaba kama uwanja wake wa nyumbani, ilimaliza msimu wa 2016/17 ikiwa ya tatu katika Ligi Kuu, nyuma ya Yanga na Simba na mbele ya Azam yenye mfuko mnene. Miaka minane baadaye, mwisho wa msimu wa 2024/25, timu hiyo hiyo ilishuka daraja. Mambo mengi huishusha timu, na si haki kubebesha lawama zote jambo moja. Lakini kati ya misimu hiyo miwili kuna orodha ya majina ambayo mfanyabiashara yeyote angependa kuitazama kama anavyotazama daftari la mali iliyotoka ghalani.

Waliotoka Kaitaba

Mbaraka Yusuph, mshambuliaji aliyefunga mabao 12 katika msimu ule wa 2016/17, alihamia Azam mwaka 2017. Mwaka 2020 kiungo Awesu Awesu naye alikwenda Azam, na Zawadi Mauya akaenda Yanga. Mwaka 2021 Yusuf Mhilu akachukuliwa na Simba. Hao ni wachezaji wanne katika miaka minne, na wote walichukuliwa na klabu tatu zenye fedha nyingi kuliko nyingine nchini.

Kuondoka kwa wachezaji si kosa. Klabu ya mkoani haiwezi kushindana na Dar es Salaam kwa mishahara, na kumzuia kijana anayetaka kupanda ni kupoteza mara mbili: anakaa bila moyo, na mkataba wake unaisha huku bei yake ikishuka. Swali la kiuchumi ni jingine. Je, kila anapotoka mchezaji, klabu inabaki na nini cha kununulia au kulea mwingine? Duka linalouza bidhaa bila kujaza rafu halina muda mrefu kabla ya kufunga milango.

Tofauti ya mapato kati ya madaraja nayo si ndogo. Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walitia saini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Klabu inayoshuka daraja huondoka kwenye meza hiyo. Vile vile hupoteza siku mbili za mwaka zinazojaza uwanja, yaani Simba na Yanga zinapokuja mjini, siku ambazo hata nyumba za wageni, mama lishe na bodaboda wa Bukoba huzisubiri. Kwa hiyo bei ya mchezaji anayeibeba timu ni zaidi ya ile anayotaja mnunuzi. Ndani yake kuna thamani ya nafasi ya timu katika ligi.

Hesabu ya njia tatu

Ili kuona jambo hili kwa tarakimu, ichukuliwe klabu ya mfano yenye kijana wa miaka 19 aliyebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Tarakimu zifuatazo ni za kielelezo tu. Klabu kubwa inatoa Sh milioni 30 taslimu. Fedha hizo zikiwekwa mahali zinapozaa asilimia 12 kwa mwaka, baada ya miaka miwili zitakuwa takribani Sh milioni 37.6. Hiyo ndiyo njia ya kwanza: kuuza moja kwa moja.

Njia ya pili ni kusubiri. Viongozi wakikadiria kwamba kuna nafasi tano katika kumi kijana apande hadi Sh milioni 80, nafasi tatu abaki wa kawaida wa Sh milioni 20, na nafasi mbili aumie au apotee kabisa, wastani wa matarajio ni Sh milioni 46. Hata hivyo, kusubiri si bure. Mkataba lazima uongezwe, na kuongeza kunataka fedha ya kusaini na mshahara mkubwa zaidi. Ikiwa gharama hiyo ni Sh milioni 5 kwa miaka miwili, kinachobaki ni Sh milioni 41. Faida juu ya njia ya kwanza ni Sh milioni 3.4 tu, na ndani yake mna hatari ya nafasi mbili katika kumi za kupata sifuri.

Njia ya tatu ni kuuza kwa bei ya chini kidogo, tuseme Sh milioni 25, lakini kwa sharti lililoandikwa kwamba klabu itapata asilimia 20 ya mauzo yake yajayo. Zile milioni 25 peke yake, kwa riba ile ile, zitafikia Sh milioni 31.4. Kama kuna nafasi moja katika tano kwamba mnunuzi atamuuza nje ya nchi kwa Sh milioni 300 katika kipindi hicho, mgawo wa klabu ungekuwa Sh milioni 60, na thamani yake kwa wastani ni Sh milioni 12. Jumla ni Sh milioni 43.4, na zaidi ya nusu ya fedha hiyo imeshaingia mkononi siku ya kwanza.

Kwa makadirio hayo njia ya tatu inashinda. Lakini makadirio yakibadilika, jibu nalo hubadilika. Kama nafasi ya kijana kupanda ni sita katika kumi, na ya kubaki wa kawaida ni mbili, kusubiri kunaleta Sh milioni 47 baada ya gharama, na hapo kusubiri kunakuwa bora. Kinyume chake, kama nafasi ya kuuzwa nje ni moja katika kumi tu, mgawo wa asilimia 20 unashuka thamani hadi Sh milioni 6, na njia ya tatu inalingana na kuuza moja kwa moja. Ndiyo maana mtu wa kwanza anayepaswa kuulizwa ni kocha anayemwona kijana kila siku. Mweka hazina apige hesabu baada ya kocha kusema.

Wanachama wa vyama vya ushirika wa Kagera hawatashangazwa na njia hiyo ya tatu. Ni mpango ule ule wa malipo ya awali na malipo ya pili. Mkulima anapokea fedha anapofikisha kahawa kwenye chama cha msingi, na soko likiwa zuri anarudi kupokea nyongeza. Aliyeuza butura hana malipo ya pili.

Mkataba ndio ghala

Thamani yote hiyo imehifadhiwa katika karatasi moja, nayo ni mkataba. Kwa kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA), mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo yuko huru kusaini na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bila ada ya uhamisho. Mwenye umri chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka mitatu, na kwa wengine kikomo cha kawaida ni miaka mitano. Maana yake ni kwamba kila mwezi unaopita bila kuongeza mkataba, bei ya kijana hupungua hata kama kiwango chake uwanjani kinapanda.

Nguvu ya karatasi hiyo ilionekana katika suala la Feisal Salum. Desemba 2022 kiungo huyo alijaribu kuvunja mkataba wake na Yanga kwa kurejesha Sh milioni 112, yaani Sh milioni 100 za usajili na Sh milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kamati ya TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano uliendelea hadi Juni 2023, alipouzwa Azam kwa makubaliano ya klabu hizo mbili. Bila mkataba uliokuwa hai, Yanga isingekuwa na cha kuuza. Lakini upande wa pili wa somo hilo ni kwamba kwa miezi kadhaa klabu ilikuwa na mchezaji kwenye daftari asiyeonekana uwanjani. Mali isiyofanya kazi nayo ni gharama.

Kuuza na kulipwa ni mambo mawili

Kosa jingine ni kuhesabu fedha kabla hazijaingia benki. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola za Marekani 300,000. Kwa wakati ule ilikuwa biashara kubwa mno kwa klabu ya Tanzania. Malipo hayakuja kwa wakati, na Simba ililazimika kwenda kudai haki yake FIFA. Kama klabu yenye wanachama na wanasheria wa Dar es Salaam ilipata taabu hiyo, klabu ya Bukoba inayokubali kuuza kwa awamu bila dhamana inajitafutia mashaka. Mfanyabiashara wa Kemondo hapakii mzigo kwenye meli kwa ahadi ya simu, na mchezaji asipewe barua ya kuachiwa kwa ahadi ya namna hiyo.

Haki za timu iliyolea

Kuna mapato mengine ambayo klabu nyingi ndogo huyaacha mezani, na hapa ndipo Muleba inapoingia.

FIFA ina malipo ya aina mbili kwa waliolea mchezaji. Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Mchezaji anaposajiliwa mara ya kwanza kama mtaalamu katika nchi nyingine, au anapohama kimataifa kabla ya mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, klabu mpya hulipa gharama za malezi. Kiwango hutegemea daraja la klabu inayomchukua. Kwa Afrika ni kati ya dola 2,000 na dola 30,000 kwa kila mwaka wa malezi, na kwa Ulaya kiwango cha juu ni euro 90,000.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Kila mchezaji anapouzwa kimataifa, hata akiwa na miaka 30, asilimia 5 ya ada hugawiwa timu alizochezea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu asilimia.

Nusu asilimia yaweza kuonekana kama chenji. Lakini Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, ada iliyotajwa na vyombo vya habari ilikuwa karibu pauni milioni 8.5. Nusu asilimia ya kiasi hicho ni pauni 42,500, yaani zaidi ya Sh milioni 120 kwa viwango vya fedha vya wakati ule, kwa kila mwaka mmoja wa malezi. Samatta alipitia African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Timu ya wilaya ikipata fedha kama hiyo mara moja tu, ina jezi, mipira na nauli za miaka mingi.

Fedha hizo hufuata kumbukumbu. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha malipo chenye makao Paris, ambacho hupokea na kugawa fedha za malezi kwa kufuata historia ya usajili wa mchezaji iliyomo kwenye mtandao. Timu ambayo jina lake halimo katika historia hiyo haina cha kudai, hata kama kijiji kizima kinakumbuka kwamba kijana alijifunzia mpira pale. Kwa hiyo timu ya Muleba inayomlea mtoto tangu miaka 12, bila kumsajili kupitia chama cha wilaya na mkoa hadi TFF, inalima shamba lisilo na mipaka. Ikumbukwe pia kwamba malipo haya ya FIFA yanahusu uhamisho wa kimataifa. Kijana akitoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, klabu isitegemee Paris. Itegemee kilichoandikwa kwenye mkataba wa mauzo na kanuni za TFF.

Wenye mitaji wachukue tahadhari

Baadhi ya wenye mitaji huvutiwa na wazo la kumgharamia kijana chakula, viatu na nauli kwa makubaliano kwamba akiuzwa watapata sehemu ya bei. Wajue kwamba tangu Mei 1, 2015 FIFA imepiga marufuku mtu au kampuni isiyo klabu kumiliki sehemu ya haki za kiuchumi za mchezaji. Klabu inayokubali mpango huo inaweza kuadhibiwa, na mwekezaji hatakuwa na mahali pa kudai fedha zake. Njia halali ni kuidhamini klabu kwa matangazo, kuikopesha kwa riba isiyofungamanishwa na bei ya mchezaji, au kushiriki katika umiliki wa klabu yenyewe pale katiba yake inaporuhusu.

Vile vile kuna mpaka wa umri. Wavuvi wa visiwa vya Muleba wanajua kwamba sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa sababu ziwa likivuliwa vichanga halina kesho. FIFA nayo hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizoainishwa. Anayefika kwa mzazi na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 kucheza ughaibuni, akitaka na fedha ya pasipoti, achunguzwe kwanza kabla ya kupewa senti.

Auzwe, lakini kwa masharti

Kwa hali ya klabu za mkoani, jibu la kawaida ni kuuza. Klabu isiyo na akiba haiwezi kubeba hatari ya goti la mtu mmoja. Na kijana mwenyewe ana haki ya kupanda, kwa kuwa miaka ya mchezaji ni michache na familia yake inamtazama. Hata hivyo, kuna mazingira matatu ambayo kusubiri ni busara: mkataba una miaka miwili au zaidi, kijana anapata nafasi ya kucheza kila wiki, na timu ina hatari ya kushuka daraja bila yeye. Katika hali hiyo ya tatu, njia ya kati ni kumuuza kwa sharti kwamba abaki kwa mkopo hadi msimu uishe. Mnunuzi anapata uhakika wake, na muuzaji habomoi nyumba wakati wa mvua.

Anapouzwa, mkataba uwe na mambo manne. Kwanza, malipo yote au sehemu kubwa kabla ya barua ya kumwachia mchezaji kutoka. Pili, asilimia ya mauzo ya baadaye, ikitajwa wazi kama ni ya ada yote au ya faida tu, kwani tofauti yake ni kubwa: mchezaji aliyenunuliwa kwa Sh milioni 25 akiuzwa kwa milioni 300, asilimia 20 ya ada ni milioni 60, lakini ya faida ni milioni 55. Tatu, nyongeza kwa idadi ya mechi au kwa kuitwa Taifa Stars. Nne, sehemu ya fedha itengwe mapema kwa timu ya vijana, isiishie kwenye posho za safari na madeni ya zamani.

Dirisha dogo la usajili kwa kawaida hufunguliwa kati ya Desemba na Januari. Ni miezi ile ile ambayo mkulima wa Kagera anatafuta ada ya shule na mwenye fedha ya butura anapita mashambani. Hiyo ndiyo sababu klabu inapaswa kufanya mahesabu yake Septemba na Oktoba, kabla ya shida kubisha hodi: nani mkataba wake unaisha, nani aongezewe, nani auzwe na kwa bei gani ya chini kabisa. Klabu inayoijua bei yake ya chini kabla mnunuzi hajafika inaweza kumwambia hapana, na mara nyingi neno hilo ndilo linalomrudisha na bei nzuri zaidi.